Mtoto Mtulivu

Dada yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba ule mgongo unaokusumbua kwa kusimama kwenye pasi kutwa nzima umepata nafuu. Shemeji naye hajambo? Na mwanetu Chiriku, bado anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha? Mimi ni mzima. Nafundisha darasa la kwanza kama kawaida, sauti inakauka kila jioni, lakini usingizi naupata vizuri, na hilo nataka ulikumbuke utakapofika mwisho wa barua hii.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumatatu utaomba ruhusa pale kwa dobi, uvae gauni lako la kutokea, uje shuleni kumuuliza Mkuu kwa nini mtoto hakuchukuliwa. Unasema lazima kuna makosa, kwa sababu mtoto alitoka kwenye mtihani anacheka. Dada, usije. Nakuandikia nikueleze mambo yalivyokuwa, usihangaike bure.

Makosa hayapo. Hesabu alizimaliza kabla ya wenzake na akapata zote. Kusoma, alisoma mpaka maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya msimamizi. Lakini ule mtihani ni wa kuwaridhisha wazazi. Karibu watoto wote wanaoletwa kwetu wanajua kusoma, wengine wana walimu wa nyumbani tangu meno hayajawatoka vizuri. Sisi tunawachagua kwenye kile chumba mlichokaa mkisubiri.

Wewe ulidhani mnasubiri tu. Unakikumbuka: zulia la kijani, meza fupi katikati, na juu yake saa kuukuu iliyofunguliwa tumbo, vitabu vya picha na sahani ya biskuti. Hakuna kitu pale kilichosahaulika mezani kwa bahati mbaya. Nyuma ya kioo cha ofisi ya karani hukaa mwalimu mmoja akijifanya anasahihisha madaftari, kumbe anawaangalia. Mtoto anayeinuka bila kuambiwa, akachokonoa saa, akamhoji karani, akala biskuti huku anabishana na baba yake, huyo tunasema ana udadisi, amezoea kusikilizwa. Yule mtoto wa wakili aliyekaa karibu nanyi alivunja mshale wa saa akauficha chini ya zulia. Mkuu alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani. Yule alipita palepale.

Ninyi je? Uliingia ukafuta kiti kwa leso kabla ya kukalia, kama vile wewe ndiye unayekwenda kukichafua. Karani alipoingia ukasimama. Chiriku alikuwa ameikalia mikono yake. Aliposogezewa sahani akakutazama, ukatikisa kichwa, akasema asante, ameshiba. Nilimwona anavyoitazama ile saa. Midomo ilikuwa inamcheza, maswali yamemjaa, na yote akayameza. Kisha akainua macho akaniona nyuma ya kioo. Alinitambua, Dada. Akainamisha uso haraka, maana alikuwa ameambiwa asinisalimie, na ni mtoto anayeshika anachoambiwa.

Kwenye kikao karani alisema ni mtoto mtulivu sana. Nyumbani kwetu hiyo ilikuwa sifa, mama alikuwa akiitoa mara chache, na wewe ndiye uliyekuwa ukiipata. Pale shuleni mtoto mtulivu ni mtoto wa kutumwa. Shule yetu haifundishi wa kutumwa, inawapokea watakaokuja kuwatuma wenzao, nao wanakuja hivyo kutoka makwao, sisi tunawapigia muhuri tu. Kwenye hotuba ya kufunga mwaka tunaliita jambo hilo kipaji, na wazazi wanapiga makofi.

Lakini usidhani walikudharau ukajifariji kwa hasira. Kila mwaka Mkuu hutaka mtoto mmoja wa watu wa kawaida, asomeshwe bure, picha yake ibandikwe kwenye korido, shule ionekane ina utu. Nafasi hiyo ilikuwa wazi. Karatasi ya Chiriku aliisoma, akairudia, akasema anatamani kumchukua, ila anahofia mtoto ameshazimwa nyumbani. Akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa kwenye kioo siku ile, akaniuliza kama nimeona dalili yoyote ya uchangamfu. Mtoto tuliyempa jina la Chiriku kabla hajajua kutembea. Nikasema sikuona.

Na kabla hujatafuta wa kumlaumu, kumbuka ulivyoniuliza afanyeje mtoto ili apendwe. Ni mimi niliyekwambia atulie, asiguse kitu, asiulize, akipewa akatae, na asinisalimie, watu wasije wakasema anabebwa. Uliniamini. Ukamfanyisha mazoezi kila jioni ukitoka kazini, kiti cha jikoni ndicho kiti cha shule, na ukaniambia anajitahidi mpaka unamwonea huruma. Dada, nilijua ninachokufundisha. Kile chumba, saa na biskuti zake, ni wazo langu, na ndilo lililonipandisha cheo.

Utauliza nilikosewa nini. Sikukosewa. Walimu wenzangu wanajua nimetoka katika nyumba ya wasomi, na mimi ndiye niliyewaambia. Chiriku angeingia pale siku ya kwanza akaniita mama mdogo mbele ya watu, kufika mapumziko angekuwa ameshawasimulia dobi, pasi, chumba kimoja na kitanda tulicholala wewe na mimi. Mtoto yule hajui kunyamaza. Siku moja tu katika maisha yake amenyamaza, na ndiyo niliyoihitaji. Nampenda, usinielewe vibaya. Nampenda akiwa huko kwenu.

Kwa hiyo Jumatatu nenda kazini. Ukija hata hivyo, zamu ya mlangoni ni yangu. Nitakusalimu kwa heshima kama ninavyowasalimu wazazi wote, nitakuonyesha kiti, kisha nitakuuliza unamtafuta nani.

Mfikishie shemeji salamu, na majirani wanaonikumbuka. Chiriku mwambie mama mdogo alimwona alivyokaa vizuri, na amefurahi sana. Aendelee hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.