Mama Nabwire, Uliyethubutu Kusema "Sijui"

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tukulaze nyumbani Asembo Bay, na bado watu wanapiga namba yako wakitaka uwapeleke kwenye jiwe la Kit Mikayi. Mwanao Shantel huwajibu kwa upole.

Ulikuwa mwongoza watalii uliyesalimia kwanza wauza samaki, kisha wageni. Viatu vilikuwa lazima ving'ae, hata kama ni siku ya kupanda mawe. Ndege hukuipanda maishani, lakini jioni ulikuwa ukigeuza omena, dagaa wa ziwani, jikoni huku ukituambia, "Leo nimempata mtu aliyefika Peru! Kumbe nao wana ziwa kama letu!"

Tunalolisimulia zaidi ni la yule mzee Mjapani. Ulimpa hadithi ya jiwe kama kawaida: mume aliyelipenda hata akasahau nyumba, na mikayi, mke wake wa kwanza, akimpelekea chakula. Mzee akauliza, "Na huyo mke, yeye alisemaje?"

Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kukuuliza hivyo.

"Sijui, mzee wangu," ukamwambia. "Twende tuulize."

Ukampeleka kwa akina mama waimbao pale chini ya jiwe. Walibishana, wakacheka, mmoja akalia. Mlirudi mjini mmechelewa, na meneja wako amefura.

"Nabwire, wageni hawaji hapa kuambiwa hujui!"

"Bosi, mtu aliyezunguka dunia ananusa uongo toka mbali. Tena aliyeona mengi ndiye anayeuliza. Na mimi nimeanza kuuliza."

Akakuondoa kazini. Ukakaanga mandazi pale mtaani Manyatta, hukuomba msamaha. Baba alipokusihi umpigie simu meneja, ulimjibu, "Baba Shantel, nitamwambia nini? Kwamba najua?"

Kisha wakaja wageni waliotumwa na yule mzee. Hawakumtaka mwongozaji mwingine yeyote. Meneja akafika mwenyewe langoni petu.

"Mama Shantel, tafadhali rudi."

"Nitarudi na wale akina mama. Hadithi ni yao, waisimulie wenyewe."

Akakubali, kwa shingo upande. Leo, Mama, ndio wanaowapokea wageni, na Bridget uliyemfundisha ndiye anayewaongoza. Kwenye mazishi yako waliimba hadi sauti zikakauka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako tuliona kwa macho.

Tunatembea kifua mbele kwa kuitwa watu wako: mumeo Oduor, wanao Shantel na Griffins, mama yako Nelima na kaka yako Waswa, kule Busia, shemeji zako Okinyi na Lornah, na akina mama wote wa Kit Mikayi.

Pumzika kwa amani ya Bwana. Hatutakusahau kamwe, na atakayetaka kujua ulikuwa nani, tutamvutia kiti tumweleze.