Mjusi Aliyepungua

Longreach, Jumapili

Mpendwa kaka Rowan,

Natumaini wewe na binti yako Tamsin hamjambo. Sisi tu wazima, isipokuwa joto limetuelemea na Baba analalamikia goti lake.

Kukua, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kuongezeka urefu kusikorudi nyuma. Mnyama huweza kukonda. Hawezi kuwa mfupi. Nakukumbusha hayo kwa sababu mjusi-ndevu mchanga wa Tamsin, uliyemwacha kwa Baba ili tujue kama mzee bado anaweza kuishi peke yake, juzi alikuwa mfupi kuliko nilivyompima wiki iliyotangulia. Mkia ulikuwa mzima hadi nchani.

Nilipomwuliza Baba, alicheka, akasema kiumbe amesinyaa kwa kuniogopa mimi na rula yangu. Sikucheka. Mjusi yule alizoea kula nyenje kiganjani. Huyu alijilaza bapa chini, akavimbisha ndevu zake za miiba kooni, akawapuuza nyenje na kudonoa sisimizi waliopenya kwenye kizimba cha kioo, kwa ustadi wa aliyelelewa nao. Baba alijibu kwamba vijana wana mambo yao. Viganja vyake vilikuwa na mikwaruzo mibichi, na magoti ya suruali yalijaa vumbi jekundu.

Leo, chai ikipoa, amesema ukweli. Kanuni uliyomwachia unaijua: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Nyenje walipoisha kabla sijaleta wengine, alimwonea huruma mjusi mchanga mwenye njaa, akampa panzi wa bustanini, mnene kama kidole. Kesho yake miguu ya nyuma ilipooza; jioni akafa. Amezikwa chini ya mlimao. Huyu wa sasa Baba alimnyakua kwa mkono juu ya nguzo ya uzio wa malisho, jambo ambalo sheria inalikataza, na ambalo mimi nisingeliweza.

Aliniomba nisikwambie. “Rowan atanipeleka kwa wazee wanaolishwa uji, mwanangu, na meno yangu bado ninayo.” Sikuahidi.

Kesho nitamrudisha mjusi kwenye nguzo yake. Tamsin mweleze wewe, taratibu. Baba anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia. Lakini kabla hujaamua, pima nawe: aliyekosea ukubwa wa panzi ndiye huyohuyo aliyemshika mjusi wa porini akiwa na goti bovu, akanificha ukweli mbele ya macho yangu. Ni lipi kati ya hayo linalotuambia kama anaweza kuishi peke yake?

Dada yako,
Ailsa