Kanali Hula Mwisho

Jumamosi, 14 Juni

Kumbe mume wangu, Kanali, anajua kutabasamu! Nimemkuta mbele ya kioo cha kabati anajaribu. Moja dogo, moja pana. Aliponiona akakunja uso, akauliza chai iko wapi.

Anautaka ubunge. Katangaza mezani, kama anavyotangaza mambo yote — tumesikia, basi. Nikamuuliza, si ulishakuwa mkuu wa wilaya? Akasema ule ulikuwa uteuzi. Alitoka jeshini akapewa, baadaye akaondolewa, na mwananchi hakuulizwa hata siku moja.

“Nataka waulizwe, Bertila. Nijue kama watu wananitaka.”

Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akisema neno kama hilo. Nimeshinda nalo siku nzima. Huyu mtu ni nani hasa?

Jumanne, 17 Juni

Kampeni haijaruhusiwa. Kwa hiyo hatufanyi kampeni — tunasalimia ndugu. Mtaa mzima wa Cheyo unajua tunasalimia ndugu.

Jirani yangu Kuluthumu kaniita Mama Mheshimiwa. Nimejifanya sikusikia, ila jina nimelipenda.

Kanali kampa mkono mwenye genge kama anakagua gwaride. Maskini, kasimama wima na nyanya mkononi!

Jumapili, 22 Juni

Goweko, kwao Kanali. Tumefikia kwa Mzee Sadiki. Kanali hana ukoo naye, ila wajumbe wa kata ile humsikiliza yeye, na wajumbe ndio wenye kura za chama. Tumefika asubuhi, salamu za mwangaluka kwa wingi, nimepiga goti mpaka gauni limejaa vumbi. Mambo yalianza vizuri. Kanali alikumbuka majina ya watu aliowaacha wakiwa watoto.

Kisha chakula. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, tukapeleka ugali, jogoo mzima, na firigisi juu ya bakuli — ya mgeni mwenyewe, hilo halina mjadala. Tukakaa kungoja vyombo virudi.

Havikurudi. Nikachungulia.

Kanali kanawa, kakaa, mikono magotini. Anauliza wale wenye pikipiki waliotusindikiza wameshakula? Mzee Sadiki akasema watakula, karibu wewe kwanza. Kanali akasema atangoja. Sasa vijana watakulaje kabla ya wazee? Na wazee watamegaje kabla ya mgeni? Yeye anawangoja wao, wao wanamngoja yeye. Ugali unapoa katikati! Mgeni njoo, mwenyeji apone — huyu wetu kawashindisha wenyeji njaa.

Mwishowe Mzee Sadiki akaita vyombo viondolewe. Jogoo karudi jikoni mzima, firigisi juu yake. Kanali aliaga kwa tabasamu lile pana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 23 Juni

Wifi Nyamizi kapiga simu kutoka Goweko. Habari imeenea mpaka kwenye magulio: Kanali kaogopa chakula. Anawaona wachawi. Na juma lililopita Awadhi, yule mfanyabiashara wa mjini anayeutaka ubunge huo huo, alikula hapo hapo akaomba na ukoko! Wifi kasema kama Kanali hataila ile firigisi, kura za Goweko azisahau.

Nimemuuliza usiku. Nilidhani atakasirika. Kaniangalia kwa mshangao kabisa. Ofisa hali kabla askari wake hawajala, ndivyo alivyofundishwa akiwa luteni. Kasema mara moja tu alikula kwanza, huko mpakani, na chakula hakikuwafikia wa mwisho.

Nikakaa kitandani. Maana nyumbani pia! Hagusi sahani mpaka watoto wamalize, mpaka msaidizi amalize, chakula kimeshapoa. Na mimi miaka yote hiyo nikidhani hapendi mapishi yangu. Nimelia jikoni kwa siri kwa sababu ya wali uliopoa! Nikamwambia. Akasema, “Mbona hukuuliza?” Nikamwambia, mbona hukusema?

Tumecheka. Halafu nikaona uchungu. Ningejua, ningempikia kwa moyo mwingine.

Alhamisi, 26 Juni

Kasema hataigiza. Nikamwambia si kuigiza, ni adabu ya watu. Akasema na ile yake ni adabu. Kweli, ni adabu.

Jumamosi, 28 Juni

Goweko tena. Wifi Nyamizi kaomba radhi kwa niaba yetu, kachinja yeye, Mzee Sadiki kakubali kuja. Kaja na wajumbe wake, na nyuso zao ni za watu waliokuja kutazama.

Naandika chumbani kwa wifi, dirisha liko wazi kwenye ua. Mpaka sasa sijui kaamua nini.

Chakula kimefika. Wamenawa. Mzee Sadiki kamsogezea bakuli kwa mikono miwili. “Karibu, mwanangu.” Hakusema Kanali.

Wenye pikipiki wako kwenye uzio, watano au sita, wamegeuza nyuso pembeni kwa heshima. Kanali anawatazama.

Ninamwomba Mungu ale. Ninamwomba asile. Ajabu! Nimemfahamu juzi tu huyu mtu, na sasa nataka ashinde, na nataka abaki huyu huyu.

Mkono umeshuka. Kamega.

Tonge liko mkononi mwake, hajalipeleka kinywani, macho bado yako kwenye uzio —