Ufito wa Mlango wa Mama

Bububu, Unguja

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo mbili: moja yako, moja mpelekee Mama kitandani. Mgongo wake unaendeleaje na mvua za huko Muheza? Bado kaning'iniza pazia tangu mchwa walipoula mlango wa chumba chake? Mimi mzima, alhamdulillahi, nimenenepa mpaka kanzu ya Idi inanikasirikia.

Dada, kaa kitako. Unanijua mimi, niliyewahi kupima mlango wa msikiti kwa jicho tu, nimo garini, gari inakwenda, na mlango ukaingia. (Shahidi kashahamia Oman.) Basi huku karakanani Malindi, hapahapa mjini Unguja, nimeona jambo, mdomo ukabaki wazi.

Tulipewa kazi ya milango ya hoteli moja Uroa. Tukaipeleka, ikarudi. Huu unakwaruza sakafu, huu unapitisha paka. Tukatengeneza upya, ikarudi tena. Tajiri, mwenye karakana, akaniambia: "Fundi Shomari, safari hii ikirudi nafunga karakana. Ikikaa, mvule utakaobaki chukua, kamtengenezee mama yako mlango." Hapo chakula kikanishinda, na unanijua mimi na chakula.

Hoteli wakamleta Bi Zuwena, mtoto wa hapahapa Malindi, kasomea mambo ya viwanda. Nikamwahi: "Bi Zuwena, sisi kwa kupima hatuna mpinzani. Tunapima ubao ukiingia, ukikatwa, ukipigwa randa, na mlango ukishakwisha."

"Naam, naona," akasema. Akatuita mmoja mmoja tupime fremu ileile, kila mtu na futi yake, tumnong'oneze jibu. Kila fundi na jibu lake! Futi ya Haji, fundi mwenzangu, ncha imelegea, ya mwengine imekatika mwanzo. Nikawacheka mpaka machozi. Kisha akaniita kwenye fremu nyengine, imefunikwa gunia, uwazi wa kupimia tu ndio unaoonekana. Nikapima kwa madaha. Akafunua gunia: fremu ileile! Na jibu langu si lile la kwanza.

Haji akapiga makofi: "Shomari, leo umegombana na nafsi yako!"

Wallahi, dada! Miaka yote nilidhani mbao ndizo zinazodanganya.

Bi Zuwena akaufuata ubao mmoja toka unaposhushwa mpaka unapopakiwa. Kila tukitoa futi, anauliza: "Kipimo hiki kinaamua nini?" Haji akajibu, "Tumezoea tu, Bibi." Kikafutwa. Hata cha mwisho kikafutwa. "Mlango ushakwisha, ukijua umekosea utafanyaje? Utaulilia?"

Unajua kilichobaki? Ufito! Mie nilingoja mashine yenye taa. Unakwenda Uroa, unasimamisha ufito kwenye uwazi wa mlango wenyewe, unaukata palepale, na mwengine wa upana, unaandika jina la chumba. Karakanani unalaza ufito juu ya ubao, unapunguza unene wa kijiti kimoja ili mlango upate kupumua, unakata. Hakuna nambari ya kusoma, hakuna ya kusahau.

Siku ya kutia milango mipya Uroa, bawaba nilizikaza mwenyewe. Nikausukuma wa kwanza kwa kidole kimoja. Ukaenda taratibu, ukasema tk. Tajiri akaufungua, akaufunga tena. Na Haji naye. Na mimi. Watu wazima, tumepanga foleni kuchezea mlango.

Mvule wa Mama uko chini ya kitanda changu. Sasa sikiliza: usinipigie simu na nambari, wala shemeji asipime kwa shibiri zake, mkono wake naujua. Simamisheni ufito mlangoni kwa Mama, uguse juu na chini, muukate palepale. Mwengine wa upana. Zote mbili mpe utingo wa basi la Dar, azipakie boti; ntazipokea mwenyewe gatini Malindi.

Msalimie shemeji, asinune. Msalimie binti yako mshonaji, na jirani yetu muuza maandazi, mwambie maandazi ya huku hayayafikii yake.

Pazia Mama asilitupe, litafaa dirishani. Mlangoni pake watu watabisha hodi, na wakishaondoka ataufunga mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Ni mimi mdogo wako, mjomba wa wanao,
Fundi Shomari