Umekimbia Moto Uliokwisha Zimika

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu zangu mimi mama yako. Baba yako anakusalimu, kutwa anashika funguo ulizoziacha. Bibi yako anakusalimu, miguu bado inamsumbua. Dada yako anakusalimu. Paka amezaa ndani ya kabati lako, tumemwacha humo humo.

Mkubwa wenu wa kazini alikuja hapa nyumbani. Nilidhani kaja kukushtaki. Akasema, "Mama, kijana wako alipeleka programu mpya kwa wateja kabla haijajaribiwa, mashine zao zikagoma zote. Akachukua koti akaondoka, simu kazima." Akaendelea, "Lakini kwetu programu ya zamani haitupwi. Tuliirudisha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemfukuza. Kosa hilo hata mimi nimewahi kulifanya."

Nikamwuliza, "Basi mbona hamkumkimbilia mkamwambia?"

Mwanangu, mimi sijasoma, hizo programu sizijui, lakini nakujua wewe. Ukikosea husemi, unajifungia. Sasa umejifungia wapi? Rafiki zako wote wanasema hawajakuona. Barua ya kwanza niliyokutumia imerudi haijafunguliwa. Hii nampa mjomba wako, labda utapita kwake. Kila anayebisha hodi nadhani kaniletea msiba.

Hatutaki maelezo, wala kazini usirudi kama hutaki. Jibu upesi, baba, hata neno moja, nijue kuwa unapumua.

Ni mimi,
Mama yako