Rili Mbili za Padri

Jumatatu, 9 Juni
Nimefungua duka la dawa saa mbili. Nimepanga rafu, nimekaa. Mkono unajizungusha wenyewe chini ya meza, kama unakunja mshipi wa kuvulia. Mteja kaniuliza kama naumwa.

Wiki ya tatu sasa Padri Teobaldi ananifundisha kuvua kwa nzi bandia, yule mdudu wa manyoya anayefungwa kwenye ndoano. Alijifunza Ulaya, masomoni. Tunarusha mshipi kwenye uwanja wa parokia, juu ya nyasi kavu. Wanakwaya wanacheka. Wacheke.

Fimbo ya kuvulia alishanipa. Leo kaleta rili mbili za kukunjia mshipi.

"Chagua moja, Skola. Jumatatu ijayo nahama."

Jumanne, 10 Juni
Moja kubwa, inang'aa, ina breki. Nyingine ndogo, nyeusi, imechubuka, ikizunguka inalia krrr. Nimetaka kubwa. Nusu saa tu mkono umekufa ganzi. Fimbo yangu nyepesi, haiiwezi.

"Rili ni ya kutunza mshipi," Padri kasema. "Samaki hajali inang'aa kiasi gani."

Nimeudhika. Nimerudi nyumbani na zote mbili.

Jumatano, 11 Juni
Video tatu kwenye simu. Mmoja anasema kunja kwa mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Nimegeuza rili mara mbili. Chakula cha mchana kimepoa.

Alhamisi, 12 Juni
Mama kazikuta rili mezani.

"Hizi za nini?"

"Za kuvulia, mama."

Kaweka ungo chini. "Ziwa limenichukulia Fidelis. Na wewe unalifuata?"

Fidelis, kaka yangu. Mtumbwi ulipinduka kule Karema, mwaka wa tisa huu. Tangu siku hiyo sijakanyaga ufukweni.

Jumamosi Padri anakwenda Karema kuaga waumini. Kaniwekea nafasi kwenye gari. Nikishachagua rili, sina sababu ya kubaki. Ndiyo maana sichagui. Mwongo mimi. Naogopa maji.

Ijumaa, 13 Juni
Nimempa mteja dawa ya mtu mwingine. Nimemkimbilia hadi kwenye bajaji, nimembadilishia. Mpaka saa kumi nasoma kila lebo mara mbili.

Nachukua ndogo. Nakunja kwa kushoto. Basi.

Mama sijamwambia kuwa kesho naenda Karema. Kajua.

Jumamosi, 14 Juni
Vumbi njia nzima. Nilipoliona ziwa nilifumba macho. Padri alikwenda kusalisha, akaniachia neno moja: "Maji yasipite magoti."

Nilisimama viatu mkononi hadi jua likaniunguza shingo. Nikaingia. Vifundo tu. Nikarusha vibaya. Nikarusha tena. Sijui mara ya ngapi, mshipi ukavutwa, rili ikapiga kelele, na mimi nikapiga kelele. Samaki anakimbilia kilindini, namfuata bila kujijua. Kushtuka, maji yako mapajani.

Nikaganda. Nikamwita Fidelis kwa sauti. Sijui kwa nini.

Nikaegemeza kiganja kwenye ukingo wa rili. Ikapunguza mwendo. Nikarudi nyuma hatua moja, nakunja. Hatua nyingine, nakunja. Kuhe, samaki wa ziwa hili. Mrefu kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Padri alinikuta nimekaa mchangani nalia.

"Umeumia?"

"Hapana, Padri. Nimempata."

Akakaa pembeni yangu na kanzu yake.

Jumapili, 15 Juni
Misa ya kumuaga Padri. Nimemrudishia ile kubwa. Kanipa mkono, kaushikilia kidogo.

Mama kamkaanga samaki mwenyewe, kaniwekea upande wa kichwa. Tumekula. Baadaye kaniuliza kama maji ya kule yalikuwa ya baridi.

Nimemwambia: asubuhi yalikuwa ya baridi kidogo. Mchana hapana.

Kaitikia kwa kichwa, katoa vyombo.

Nimesuuza mchanga kwenye rili. Inakauka dirishani.