Kamanda Asiye na Fungu

Mama Ndayikunda, shikamoo. Mpendwa mshauri wetu, naomba unisaidie maana tangu Jumapili ile chakula hakishuki na mtu wa kumweleza sina, nikimwambia mama ananijibu kwamba gemu la simu halijawahi kumliza mtu mzima, ila mimi limeniliza.

Mimi ni kijana wa Nyakitonto, nalima mihogo na maharage, na kwenye simu tunacheza gemu la vita, la kujenga ngome na kuteka za wengine, tuko ukoo mmoja vijana wa hapa, wa Titye na Kagerankanda, mpaka Elie, Mkongo aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mkuu wa ukoo ni mimi, mimi ndiye ninayegawa nyara na vyeo. Kamanda wetu alikuwa Winnie wa Kibondo. Huyo dada hatujawahi kuonana naye uso kwa uso lakini sauti yake tunaijua wote, ndiye anayepanga nani aingie upande gani na nani asubiri, na askari wake mwenyewe anawatuma kupeleleza, wanafia huko, kwa hiyo vita ikiisha sisi tunapanda levo na kupata nishani, yeye ngome yake iko vilevile kama jana, na ngome hiyo, mama, alianza kuijenga alipovunjika mguu akakaa ndani miezi, alituambia ndiyo iliyokuwa inampa sababu ya kuamka.

Siku moja akaniuliza kwa upole tu, "Mkuu, na kamanda anakula wapi?" Nikamjibu kama baba yangu anavyojibu, kwamba sisi wenye asili ya Burundi tuna ikibiri, majirani wanalimiana mashamba kwa zamu, na anayeongoza safu shamba lake linalimwa la mwisho, basi avumilie, zamu yake itafika. Akacheka, akasema sawa. Nikaona nimejibu kiutu uzima. Kumbe kwenye gemu msimu hauishi, vita ikimalizika inaanza nyingine, na mimi nyara zikija nawapa wapiganaji ili wasihame ukoo, Winnie nilijua hahami.

Jumapili ile baada ya ibada tulikuwa tunateka ngome kubwa kuliko zote, Winnie anatuelekeza kwa sauti, ametulia kabisa, na kumbe wakati huohuo maadui wako kwake wanachoma, angeweza kutuita turudi, hakuita. Tulipoiteka akasema, "Hongereni sana," akatoka kwenye ukoo na kwenye grupu. Mimi nilikuwa bado nashangilia. Elie ndiye aliyeenda kuangalia kwake akakuta majivu, akanitumia ujumbe kwa Kiswahili cha kwao, chef ndiyo mkuu: "Chef, huyu dada tulimufanyia mubaya."

Sasa ukamanda hakuna anayeutaka, Leonidasi wa Titye nilipompa alinijibu kwamba hataki kuwa punda wa watu, ukoo unakufa, lakini mama hilo la ukoo nasema tu, linaloniuma ni yule dada, nimemwandikia arudi na kwamba cheo chake kinamsubiri, anasoma, hajibu. Nifanyeje?

Mpawenimana, Nyakitonto

Marahaba, Mpawenimana. Pole, mwanangu. Mwambie mama yako kwamba hujalizwa na gemu, umelizwa na mtu. Pole nimeshatoa, sasa nisikilize.

Ikibiri naijua, nimelima humo mpaka viganja vikaota sugu. Wewe umechukua nusu iliyokufaa. Anayeongoza safu shamba lake hulimwa mwisho, ndiyo, lakini hulimwa kabla mvua hazijakata, na siku yake inajulikana tangu mwanzo, na jioni pombe ikitoka yeye ndiye anayeanza kupewa mrija wa kuinywea. Winnie ulimpa ile ya kusubiri tu, mengine ukawapa wale uliowaogopa. Mwaminifu ukamlaza njaa kwa sababu ni mwaminifu. Ahadi ni deni, nawe uliitoa huku hujui utailipaje. Halafu unamwandikia kwamba cheo kinamsubiri! Cheo gani, kile kilichomfilisi?

Fanya hivi. Waite wote waliopanda levo kwa mipango yake, kila mmoja atoe mbao, mawe na askari, na kama gemu linakubali kumpelekea mtu vitu akiwa nje ya ukoo, mkaijenge ngome yake bila kumdai kitu. Tangu leo fungu la kamanda litoke kabla ya la mpiganaji yeyote. Askari anaowapoteza kwa kupeleleza alipwe na ukoo mzima, na mkienda vitani wawili wabaki kulinda kwake. Mkishinda, jina lake litajwe kabla ya la aliyebomoa ukuta. Na kamanda wa kwanza kula fungu hilo asiwe wewe, ingawa kazi utaianza wewe: mpishe Leonidasi ukuu, chukua ukamanda vita chache bila fungu, upoteze askari, uone wenzako wanavyoshangilia bila hata kukutazama.

Ukishaonja, mpigie Winnie simu. Usiandike. Mweleze ulichomnyima, usimtajie mila wala ukoo, na usimwombe arudi. Huenda asirudi kabisa, na ni haki yake. Akikuuliza umepiga kwa nini basi, mwambie umepiga kuomba radhi, na hapo usiongeze neno. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikata, jua amesikia, na usimpigie tena.